Krediti si Mkopo: Istilahi za Kupangia Masomo kwa Mwanafunzi wa Sayansi wa Mwaka wa Kwanza

Miongoni mwa barua tunazoletewa na wasomaji kuuliza maana za maneno, ipo moja iliyotoka Katubuka, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Aliyeiandika ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Binti yake alikuwa amechaguliwa kusomea shahada ya sayansi, naye alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuvuka kidato cha sita. Maelekezo ya kujiunga yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza, na kijana mmoja wa jirani, kwa nia njema kabisa, akawafasiria. Alipofika kwenye orodha ya kozi alisoma kwamba kemia ina "mikopo 12", fizikia "mikopo 12", hisabati "mikopo 12", na kwamba kwa mwaka mzima mwanafunzi atakuwa na "mikopo 120".

Mwalimu alishtuka. Fomu za kuomba mkopo wa serikali alikwisha kuzijaza, na hesabu ya deni hilo alikwisha kuifanya; sasa aliona kila kozi inakuja na deni lake. Akamshauri binti ajiandikishe kozi chache kadiri itakavyowezekana, zisizidi sita kwa mwaka, ili asije akaelemewa kabla hajaanza kazi. Kisha akatuandikia kutuuliza iwapo alishauri vyema. Jibu letu lilifika Katubuka siku chache baada ya binti kupanda treni. Kwa bahati, baba aliwahi kumpigia simu kabla dirisha la usajili halijafungwa.

Hatukulileta kisa hiki ili kumcheka mwalimu wala mfasiri wake. Kila mmoja wao alitumia akili sawasawa juu ya neno alilopewa. Kosa lilikuwa katika neno. Mtu hupanga kwa maneno aliyo nayo, na neno likipotoka, mpango wake hupotoka pia, hata kama hesabu zake ni sahihi. Madhumuni ya makala haya, basi, ni kueleza maneno machache ambayo mwanafunzi wa sayansi hana budi kuyaelewa kabla ya kupanga masomo yake ya mwaka wa kwanza, na kupendekeza Kiswahili kinachofaa kuyaeleza nyumbani, chuoni na ofisini.

1. Chimbuko la tatizo

Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini Tanzania mwaka 1967, mwaka ule ule ambao sheria ya Bunge iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Katika shule za sekondari na vyuo vikuu Kiingereza kiliendelea kuwa lugha ya masomo. Hata hivyo kazi ya kuunda istilahi za sayansi haikulala. Mwaka 1990, mathalani, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na kwa kazi kama hiyo mtu aliweza kuzungumza habari za seli, mwendokasi na asidi kwa lugha yake.

Lakini kamusi za namna hiyo hueleza viini vya sayansi; si kazi yake kueleza utaratibu wa kuisomea. Hivyo aghalabu tumejikuta na mwanafunzi anayeweza kumweleza mama yake jinsi mmea unavyotengeneza chakula, lakini asiweze kumweleza kwa nini hakumaliza mwaka pamoja na wenzake. Katika nafasi hiyo tupu wanafunzi wamejiundia msamiati wao: fedha za kujikimu huitwa "bumu", mtihani wa marudio huitwa "sapu", na kuondolewa chuoni huitwa "kudisko". Maneno hayo yana uhai na hatuyabezi, ila hayafai kuandikwa katika barua ya baba kwa mkuu wa chuo, wala ya mkuu wa chuo kwa baba.

2. Krediti

Neno la Kiingereza linalotumika vyuoni lina maana nyingi: lina maana ya kuaminiwa, ya sifa njema, ya fedha iliyowekwa upande wa mapato, na ya bidhaa iliyochukuliwa kabla ya kulipiwa. Kijana wa Katubuka aliichukua maana ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyomzunguka dukani na katika matangazo. Kumbe maana ya chuoni iko karibu na ile ya mapato. Ni kipimo cha kazi ambayo mwanafunzi ameikamilisha na akaandikiwa kuwa ni yake. Mkopo hurudishwa, hiki hakirudishwi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa matanga hayapo, maana hakuna kilichokopwa.

Katika mfumo uliowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, chombo kilichoundwa mwaka 2005, kipimo kimoja cha aina hii kinahesabiwa kuwa sawa na saa 10 za kujifunza. Mwaka mmoja wa masomo una vipimo 120, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu inahitaji visivyopungua 360. Sasa na tuurudie ushauri wa mwalimu wetu. Kama binti angejiandikisha kozi sita tu za vipimo 12 kila moja, angepata 72 badala ya 120. Upungufu wa 48 ni sawa na saa 480 za kazi ambazo angelazimika kuzitafutia nafasi katika miaka iliyofuata, juu ya kazi ya kawaida ya miaka hiyo. Kwa kuogopa deni ambalo halikuwapo, angejitia katika deni la kweli.

Je, tukiite nini? Tulilipima kila neno lililokuwa karibu. "Mkopo" tumekwisha kuona hatari yake, na hatari hiyo iliongezeka tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, kwa kuwa mwanafunzi yule yule hukutana na mambo yote mawili katika juma moja. "Alama" haifai, maana ni ile inayopatikana katika mtihani. "Uzito" inaeleza vizuri, lakini mwanafunzi wa fizikia analo neno hilo tayari kwa maana ya kani inayouvuta mwili kuelekea ardhini, na si vyema kumpa neno moja kwa dhana mbili. "Stahili" inavutia kwa kuwa hudokeza kitu kilichotolewa jasho, lakini katika ofisi zetu imekaribiana mno na posho na malipo. Tunapendekeza, kwa hiyo, neno krediti, ambalo limekwisha kuzoeleka midomoni mwa wanafunzi na linapatana na sarufi yetu bila taabu: krediti hii, krediti hizi, kozi ya krediti 12. Neno la kukopwa lisilo na maana nyingine ni bora kuliko neno la asili linalopotosha.

3. Vipindi na saa za kujifunza

Kosa la pili linalowapata wanafunzi wengi ni kuisoma ratiba kana kwamba ndiyo mpango wa masomo. Ratiba ya chuo huonyesha vipindi, yaani saa ambazo mwanafunzi yuko mbele ya mwalimu: mhadhara, semina na kazi ya maabara. Mwanafunzi aliyetoka shule ya bweni, ambako kengele ilimwongoza tangu alfajiri hadi usiku, akiona nafasi tupu katika ratiba hudhani amepewa mapumziko.

Na tutoe mfano wa hesabu. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Muhula ukiwa na majuma 15 ya masomo, kozi hiyo inadai saa 8 kila juma. Tuseme ratiba inaonyesha mihadhara ya saa 2 na kazi ya maabara ya saa 3. Hizo ni 5. Saa 3 zilizobaki hazikuandikwa popote, lakini zinadaiwa: ni za kusoma kitabu, kufanya mazoezi na kuandika ripoti ya maabara. Mwenye kozi tano za namna hiyo ana vipindi vya saa 25 kwa juma na kazi yake mwenyewe ya saa 15, jumla saa 40. Akizipuuza zile 15, hadi mwisho wa muhula atakuwa ameacha saa 225 kati ya 600. Hakuna usiku mmoja wa kukesha unaoweza kuzirudisha.

Wakazi wa Kigoma hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hutoka na taa zao katika usiku wa giza, kwa kuwa ndipo dagaa wanapoufuata mwanga. Mwezi unapokuwa mpevu hupumzika kwenda majini, na siku hizo hushona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Mgeni akipita katika mwalo wa Kibirizi siku hizo atadhani amekuta watu wasio na kazi. Mvuvi anajua kwamba wavu usioshonwa wakati wa mbalamwezi utapasuka wakati wa giza. Nafasi tupu katika ratiba ni mbalamwezi ya mwanafunzi.

Tunapendekeza basi tutofautishe vipindi na saa za kujifunza. Vipindi ni sehemu tu ya saa za kujifunza, na krediti huhesabiwa kwa saa za kujifunza. Ushauri unaotokana na istilahi hizi ni mwepesi: siku ya kwanza mwanafunzi anapopokea ratiba, azijaze yeye mwenyewe zile nafasi tupu kwa jina la kozi na kazi atakayoifanya, akianza na ripoti ya maabara, ambayo yafaa iandikwe wakati matokeo ya jaribio bado yako wazi kichwani.

4. Kozi tangulizi

Masomo ya sayansi hupandana kama ngazi. Mwanafunzi hawezi kufuata vyema fizikia ya mwaka wa pili bila kalkulasi ya mwaka wa kwanza, wala kemia ya viumbehai bila misingi ya kemia ya kaboni. Kozi ambayo lazima ifaulu kabla ya nyingine kuruhusiwa tunaiita kozi tangulizi. Tuliepuka "kozi ya awali" kwa sababu neno awali hutumika pia kwa mafunzo ya maandalizi ya jumla, na "kozi ya msingi" kwa sababu aghalabu huchanganywa na kozi ya lazima.

Tofauti hiyo ni muhimu katika kupanga. Kozi ya lazima ni ile ambayo shahada haitolewi bila hiyo. Kozi ya hiari ni ile inayochaguliwa kati ya kadhaa. Lakini kozi ya hiari ya leo yaweza kuwa kozi tangulizi ya kesho. Mwanafunzi anayetamani kurudi ziwani akachunguze samaki na asiichague takwimu mwaka wa kwanza kwa kuwa "ni ya hiari", aweza kukuta mlango wa kozi aliyoipenda umefungwa mwaka wa tatu. Basi mpango wa masomo husomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo: kwanza kozi za mwaka wa tatu unazozitaka, kisha zile zinazozitangulia, ndipo usajili wa mwaka wa kwanza.

5. Gredi, daraja na wastani

Hapa pana mtego mwingine ambao huwanasa wazazi zaidi kuliko wanafunzi. Katika matokeo ya kidato cha sita pointi chache ndizo bora: A ni pointi 1, na mwenye pointi 3 katika masomo matatu amefika kileleni. Katika vyuo vikuu vya Tanzania hesabu imegeuzwa. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni 0. Mzazi aliyezoea kushangilia pointi 3 akisikia mwanawe ana wastani wa 4.5 aweza kuhuzunika bure, na mwenye 2.0 akapongezwa isivyostahili.

Kwa ajili hiyo tunashauri neno pointi liachiwe matokeo ya sekondari. Herufi inayotolewa kwa kozi iitwe gredi. Namba inayolingana nayo iitwe thamani ya gredi. Na jumla ya masomo yote iitwe wastani wa gredi. Neno daraja libaki kwa shahada yenyewe: daraja la kwanza kuanzia 4.4, daraja la pili la juu kuanzia 3.5, daraja la pili la chini kuanzia 2.7, na ufaulu wa kawaida kuanzia 2.0.

Wastani huu si wa kujumlisha na kugawanya tu. Kila thamani ya gredi huzidishwa kwanza kwa krediti za kozi yake. Mwanafunzi aliyepata B katika kozi ya krediti 12 na A katika kozi ya krediti 8 ana 36 na 40, jumla 76. Akigawanya kwa krediti 20 anapata 3.8. Mwenzake aliyepata A katika ile ya krediti 12 na B katika ile ya krediti 8 ana 60 na 24, jumla 84, yaani 4.2. Gredi ni zile zile, wastani ni tofauti. Anayeielewa krediti atajua mahali pa kuweka nguvu zake.

6. Kurudia, kubeba, kuahirisha na kuondolewa

Maneno haya manne yametenganishwa na mstari mwembamba, na mara nyingi mwanafunzi huuona mstari huo akiwa amekwisha kuuvuka.

Mtihani wa marudio ni nafasi ya pili ya mtihani wa kozi iliyoshindwa. Kozi ya kubeba ni ile ambayo mwanafunzi ameruhusiwa kuingia nayo mwaka unaofuata ili aisome tena. Asili ya istilahi hii ni jinsi wanafunzi wenyewe wanavyosema, nasi tunaikubali kwa sababu inaeleza kweli: ni mzigo, na uko mgongoni. Mzigo mmoja hubebeka. Ikiongezeka hutuama kama maji ya mvua katika bonde la Katubuka, yasiyo na pa kutokea, hata yakafika mlangoni.

Kuahirisha masomo ni kusimama kwa muda kwa ruhusa ya maandishi, kwa ugonjwa au sababu nyingine inayokubalika. Kuondolewa masomoni ni hukumu ya chuo kwa aliyeshindwa kutimiza kanuni. Mwanafunzi wa Kigoma anayesoma Dar es Salaam yuko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka nyumbani. Akipata habari ya msiba akapanda treni bila kuaga, safari ya kwenda, matanga na kurudi vitamla juma zima au mawili, pamoja na majaribio na kazi za maabara za wakati huo. Katika vyuo vingi tathmini endelevu, yaani kazi zinazopimwa wakati muhula ukiendelea, huchukua asilimia 40 ya alama zote. Aliyeaga kwa barua ana hoja ya kupangiwa jaribio jingine. Asiyeaga ana sifuri. Wote wawili walikuwa katika msiba mmoja.

7. Washauri wawili

Mwisho, tutofautishe vyeo viwili vinavyofanana. Mshauri wa wanafunzi hushughulikia malazi, afya, nidhamu na shida za maisha. Mshauri wa masomo ni mwalimu wa idara ambaye hukagua uteuzi wa kozi, kozi tangulizi na maendeleo ya krediti. Anayepeleka swali la kozi kwa wa kwanza atazungushwa. Naye asiyemwona wa pili hadi aanguke amechelewa. Tunashauri mwanafunzi amwendee mshauri wa masomo mara tatu katika mwaka wa kwanza: kabla ya usajili kufungwa, baada ya majaribio ya kwanza, na baada ya matokeo ya muhula. Aende na karatasi yenye orodha ya kozi zake, krediti zake na swali moja lililoandikwa.

8. Muhtasari wa istilahi

Krediti: kipimo cha kazi ya kozi iliyokamilishwa, moja ni sawa na saa 10 za kujifunza.
Saa za kujifunza: muda wote unaodaiwa na kozi, pamoja na kazi ya mwanafunzi mwenyewe.
Kipindi: saa ya kufundishwa iliyomo katika ratiba.
Kozi tangulizi: kozi ambayo lazima ifaulu kabla ya nyingine.
Gredi: herufi ya matokeo ya kozi.
Thamani ya gredi: namba inayolingana na gredi.
Wastani wa gredi: wastani uliopimwa kwa krediti.
Daraja: ngazi ya shahada.
Kozi ya kubeba: kozi isiyofaulu inayosomwa tena katika mwaka unaofuata.
Kuahirisha masomo: kusimama kwa ruhusa.
Kuondolewa masomoni: kukatizwa masomo kwa uamuzi wa chuo.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika, wala kwamba kila neno lililomo halina mshindani. "Endelevu", mathalani, limekwisha kutwaliwa na watu wa mazingira na maendeleo, na huenda ikafaa siku moja kutafuta neno jingine kwa ajili ya tathmini. Lililo dhahiri ni kwamba maneno haya si ya wasomi peke yao. Mzazi aliyeuza mawese na dagaa ili mtoto apande treni anayo haki ya kuelewa mtoto huyo anakwenda kudaiwa nini na anakwenda kupata nini.

Tulimwomba mwalimu wetu wa Katubuka aisome orodha hii kabla haijachapishwa. Alitujibu kwamba ameielewa, isipokuwa angependa tuongeze neno la kumwita mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza bila kubeba kozi yoyote. Bado tunalitafuta, na tunawaomba wasomaji watuletee mapendekezo yao.